Matanga ya Majivu

Haya nitakayoandika hakuna atakayeyasadiki. Niliwasimulia jirani zangu wa mtaa wa Makomeno, wakacheka hadi mmoja akamwaga kinywaji chake cha munkoyo kwenye suruali yake. Nilimsimulia padri, akaniuliza kama ninaungama au ninapiga soga. Basi cheka na wewe, msomaji, cheka mapema umalize, halafu unifuate vizuri, maana habari ni ya mtoto wa dada yangu, Christiane Kunda, mwanamke aliyewekewa matanga ya majivu. Si majivu ya mtu, tafadhali. Majivu ya miti. Watu walikuja kulia, wakatandika mikeka, na mimi nilikaa mbele kabisa, mahali pa mkubwa wa kilio, kwa sababu ndipo mahali pangu.

Mimi ni manseba wake, kaka wa mama yake. Kwetu manseba si mtu wa kupita tu akala bukari, yaani ugali, na kuaga. Manseba ndiye mdomo wa ukoo. Harusi haisemwi bila mimi, kaburi halichimbwi bila mimi. Shule niliiacha katikati ya sekondari, si kwa uzito wa kichwa, bali niliona walimu wamekwisha kunipa yote waliyokuwa nayo, nikawahurumia. Kwa hiyo ukiona koma imekaa vibaya humu ndani, ujue nimeiweka hapo kwa makusudi yangu.

Turudi kwa Christiane. Christiane hakai. Wengine husema mtu fulani hatulii, wakimaanisha anapenda kutembea jioni. Huyu wetu hatulii hata akilala. Mama yake alikuwa akimfunika usiku upande huu wa chumba na kumkuta asubuhi upande ule. Baba yake alikuwa mtu wa reli, mkatoliki mwema kutoka kaskazini ya Katanga, na mimi nasema damu ya reli ilimwingia mtoto: ikisimama, inashika kutu. Alipotumwa chumvi alirudi na chumvi pamoja na habari za mtaa mzima, nani amehama, nani ameweka bati mpya, nani amempiga nani.

Alipokua akaenda Sakania, mpakani, akawa anauza vitenge na mafuta ya kupikia. Biashara ilipoanza kumjua, akaiacha. Akaenda Kilwa, si ile ya pwani, bali ya kule ziwani kwetu, akawa anashusha samaki wa kukaushwa kwa barabara ile inayomeza malori. Samaki nao akawaacha. Aliolewa na dereva mmoja anaitwa Hénoc, kijana mzuri, wakaachana bila kelele, kwa sababu dereva kila aliporudi nyumbani alikuta mke ndiye amesafiri. Binti yao Syntiche alilelewa na dada yangu, sasa ameolewa hapa hapa Lubumbashi, na ndiyo sababu kule mlimani nitakakokupeleka wanamwita Christiane Mama Syntiche.

Siku moja nikamwuliza, kwa sauti yangu ya kimanseba, "Unatafuta nini mu hii dunia?"

"Natafuta fasi ya kusimama, Manseba."

"Sasa simama."

"Haina hapa," akasema, akabeba kapu lake akatoka.

Basi mama yetu akafariki. Mama yangu mimi na dada yangu, bibi yake Christiane. Yeye hakuja mjini kamwe. Alikaa Kiposa, kijiji cha watu wa mama, kwenye bega la mlima Kundelungu, akalima mpaka mikono ikakataa. Sehemu yake ya msitu, pale ubavuni mwa mlima, ikabaki bila mtu. Kwetu ardhi hufuata tumbo la mama: inatoka kwa bibi, inapita kwa mama, inashuka kwa binti. Dada yangu magoti yake hayataki tena mlima. Mimi ni mtu wa mji, kazi yangu ni mashauri. Akabaki Christiane. Nilipomwambia sikutegemea jibu, nilitaka tu isemwe kwamba nimesema. Akaniuliza, "Tunaenda kesho?"

Hujafika Kiposa wewe, najua, kwa hiyo nikupeleke. Unatoka Lubumbashi kwa barabara ya Kasenga, unapita kwenye vichuguu vyekundu vikubwa kuliko nyumba za wapangaji, halafu unaiacha barabara kubwa na kushika njia ya udongo inayofikiri kabla ya kwenda. Lori linalia, watu wanashuka, wanasukuma, wanapanda, wanashuka tena. Kisha mlima unaanza. Hewa inakuwa nyembamba na safi, masikio yanaziba. Juu kabisa hakuna miti, ni nyasi tupu mpaka macho yachoke, na upepo unaopita humo hauna wa kumsalimia. Maji yanatoka chini ya nyasi bila kupiga hodi, yanakusanyika kwenye mabonde meusi yenye unyevu, yale wanayoyaita dembo, halafu yanatembea mpaka ukingoni na kujitupa chini. Mwezi wa sita baridi yake, nakuambia, nilisahau maji kwenye beseni nikakuta asubuhi yamevaa ngozi.

Kiposa iko pale nyasi zinapoishia na msitu unapoanza. Watu wake wanalima mihogo, maharagwe, na zaidi ya yote ulezi. Wanatega nyuki, wanaokota viwavi vya kula mvua inapofungua. Wanaongea polepole. Ukimwuliza mmoja njia, anaangalia kwanza mbingu, halafu anakuangalia wewe, halafu anauliza umetoka kwa nani. Ndipo njia inakuja. Mtu wa haraka pale anaweza kufa kwa kungojea jibu, na mimi nilimleta mtu wa haraka kuliko wote niliowahi kuwaona.

Mfumu wa kijiji, Katongo, ni mtu mfupi anayevaa koti zito hata jua likichoma. Tulipiga magoti, tukapiga makofi ya heshima, nikasema maneno mazuri ambayo mpaka leo yanakumbukwa.

"Huyu njo mutoto ya dada yangu, mfumu. Anataka kulima fasi ya bibi yake."

Mfumu akamtazama Christiane. "Huyu njo ule wa Sakania?"

"Nilitoka Sakania, mfumu."

"Ule wa Kilwa?"

"Na Kilwa nilitoka."

"Bon. Na hapa utatoka lini?"

Watu wote waliokaa pale wakacheka, na aliyecheka mpaka akashika mbavu ni mmoja anaitwa Mukuka. Mshike huyo Mukuka vizuri. Sisi ni Bena Mbushi, ukoo wa mbuzi. Yeye ni Mwena Ngo, ukoo wa chui. Chui na mbuzi ni banungwe, yaani watani wa tangu mababu: anaweza kunitukana mbele ya wakwe zangu na mimi nikamshukuru, naweza kuchukua kofia yake kichwani na asiidai. Na mmoja wetu akifa, ni wale watani wanaokuja kulia kwa vichekesho, na ni wao wanaochimba na kufukia. Mwenye uchungu hazikiwi na mwenye uchungu mwenzake. Anazikiwa na munungwe.

Mfumu aliponyamazisha kicheko alisema maneno machache. Akate matawi, ayapange, angoje moto, apande ulezi, avune. Akivuna, fasi ya bibi yake ni yake na ya Syntiche na ya watakaozaliwa na Syntiche. Akiondoka kabla ya kuvuna, au akikosa cha kuvuna kwa makosa yake mwenyewe, msitu unarudi kwa kijiji na jina la mama yetu linafutika pale mlimani. "Mwaka moja tu," akasema. "Sina ya pili."

Sakania kulikuwa kwa kujaribu, Kilwa kulikuwa kwa kujaribu. Hapa alikuwa ameshika jina la bibi yake mkononi.

Sasa nieleze shamba la majivu, maana ninyi wa mjini mnafikiri ulezi unaota kwenye mfuko. Shamba hilo linaitwa kitemene. Wakati wa baridi watu wanakwea miti na kukata matawi tu, mti wenyewe wanauacha hai. Matawi yanabebwa, yanapangwa kwa duara kubwa, marefu kwa mafupi, yanakauka miezi yote ya jua. Mvua ikikaribia, yanachomwa. Yanabaki majivu mazito, laini, na ulezi unatupwa humo bila jembe. Mvua inayakandamiza, basi. Lakini hakuna anayewasha wa kwanza ila mfumu. Anawasha wake juu ya kilima chake, watu wanaona moshi, wanawasha wao. Si ushamba huo. Ukiwasha mapema, upepo wa Oktoba unakula majivu yako kabla mvua haijayaona. Na moto wako unaweza kukimbilia matawi ya jirani.

Kazi ya kukata Christiane aliimaliza kabla ya wanaume. Kwa kawaida mwanaume anapanda mtini, mwanamke anabeba. Yeye alipanda mwenyewe na panga kiunoni, kitenge amekifunga katikati ya miguu, na akina mama wakasimama chini wakiziba macho na kuchungulia kati ya vidole. Duara lake lilikaa jirani na la Mukuka, karibu kugusana, na lilikuwa kubwa zaidi. Hilo Mukuka hakulipenda.

Kisha kukawa hakuna cha kufanya. Hapo ndipo taabu ilipoanza. Agosti ikapita, Septemba ikapita, matawi yanakauka yenyewe, hayahitaji msaada. Christiane alizunguka duara lake kama mtu aliyedondosha hereni. Alifagia njia ya kwenda kisimani. Alisuka mkeka, akaufumua, akausuka. Alimenya mihogo ya jirani bila kuombwa. Kila lori lililosikika likilia chini ya mlima, kichwa chake kiligeuka. Watu waliona. Mukuka alipita kila asubuhi na salamu yake.

"Mama Syntiche, lori yako inafika leo ama kesho?"

"Inafika kubeba weye, munungwe."

"Mimi niko muzito. Beba mizigo yako kwanza."

Nilipanda kumtazama katikati ya Oktoba. Nilimkuta amekonda, macho yamekuwa makubwa. Joto lilikuwa limekaa juu ya mlima kama mfuniko wa sufuria. Mawingu yalikuja kila alasiri, yakaangalia, yakarudi yalikotoka. Kila mtu alitazama kilima cha mfumu, na kilima hakikusema kitu.

"Manseba," aliniambia, "mwili yote inaniwasha. Sijui kama niko nangoja mvua ama mvua iko inaningoja."

Asubuhi iliyofuata nilikuwa nanyoa ndevu kwenye kioo kidogo nilichokitundika mtini. Akaja mbio.

"Angalia kule. Moshi."

Nikageuka na sabuni kwenye shavu. Nyuma ya kilima cha mfumu moshi mweupe ulikuwa umesimama wima kama nguzo.

"Unaona moshi, Manseba?"

"Naona moshi," nikasema, na ulikuwa moshi kweli, wala hakuna aliyepinga neno langu mpaka leo.

Sikumaliza shavu la pili. Alikuwa amekwisha kuchomoa kijinga cha moto jikoni, anakimbia kuelekea shambani, kitenge kinapepea. Matawi yale yalikuwa makavu kiasi kwamba hayakuungua, yalilipuka. Mlio wake ulifika kijijini kabla ya moshi. Na wakati huo huo tukamsikia Mukuka akipiga kelele kutoka upande mwingine, "Nani aliwasha? Nani aliwasha?" kwa sababu mfumu hakuwa amewasha chochote. Moshi ule ulikuwa wa Ruphin, mchoma makala, yaani mkaa, kijana aliyekuja kutoka chini mwaka ule ule na kujenga tanuru lake la udongo nyuma ya kilima, mahali ambapo mtu wa Kiposa hajawahi kuchoma kitu. Tanuru lake lilikuwa limepasuka asubuhi hiyo na kutoa moshi wote lililokuwa nao.

Watu walikuja na matawi mabichi, wakapiga moto upande wa Mukuka. Mimi nilitoa amri. Mukuka alipoteza matawi machache ya pembeni, nyusi, na heshima kidogo, maana alikimbia na kaptura iliyochanika nyuma. Jua lilipopanda, duara la Christiane lilikuwa majivu matupu, mekundu chini, meupe juu, yanapumua.

Mfumu alifika na koti lake. Hakupayuka. Aliinama, akachota majivu, akayapuliza kwenye kiganja. Yakaruka yote.

"Uliona moto yangu?"

"Niliona moshi, mfumu."

"Moshi ni ya mutu yote. Moto ni yangu." Akapangusa mkono kwenye koti. "Sikufukuzi leo. Majivu ikikaa mpaka siku nitawasha, panda. Ikienda na upepo, weye pia shuka na ile upepo. Manseba wako amesikia."

Nilisikia. Na upepo wa Oktoba kule juu siwezi kukuelezea kwa kalamu. Hauvumi, unafagia. Asubuhi unalala, mchana unaamka na hasira za mtu aliyenyimwa chakula. Siku ile ile Christiane alikata matawi mabichi, akayalaza juu ya majivu, akarudi kukata mengine, na alipogeuka upepo ulikuwa umeyafungua ya kwanza. Alifanya hivyo mpaka giza. Mikono ilikuwa malengelenge. Mtu mmoja na shamba zima: ni kama kushikilia paa la nyumba kwa vidole.

Hapo ndipo Bena Ngo walipofanya kosa lao.

Asubuhi tulisikia kilio kinakuja njiani. Kilio chenyewe, cha msiba, na mbele yake Mukuka, amejipaka majivu usoni, amefunga kitambaa cha mke wake kichwani, anapiga kifua. Nyuma yake chui wote wa Kiposa, wanaume kwa wanawake, na mikeka, na sufuria tupu ya kuombea pombe.

"Yoo, majivu yetu," analia. "Ulikufa ungali mudogo. Hata mvua haikuona sura yako. Ulikuwa muzuri, ulikuwa mweupe, baba yako alikuwa muti, mama yako alikuwa kiberiti, na Mama Syntiche akakupeleka mbio mbele ya wakati, sababu eye yote anafanya mbio."

Kijiji kizima kilitoka kucheka. Wakatandika mikeka kando ya shamba. Mwanamke mmoja wa chui akalala chini akigaagaa, anamwita marehemu shemeji. Mukuka akaja mbele yangu, akapiga goti.

"Mukubwa ya matanga, pole sana. Mbuzi inalia namna gani? Tusikilizishe."

"Mbuzi inalia kisha ya kula," nikamjibu. "Leta chakula." Nikakaa kwenye mkeka wa mbele na uso mrefu, maana utani ni utani, hauukimbii.

Christiane alikuwa amesimama katikati ya majivu na mzigo wa majani kichwani. Nilifikiri atawatupia. Nilimwona akimwangalia Mukuka, akiangalia mikeka, akiangalia watu wale wote wenye mikono mizima. Akautua mzigo taratibu.

"Baba Mukuka. Mulikuya kulia?"

"Tulikuya kulia, munungwe."

"Kulia ya kweli?"

"Angalia machozi. Gusa."

"Marehemu iko nani?"

"Majivu yako, maskini."

"Na mulitandika mikeka, na mukubwa ya matanga amekaa, na watu beko banaona." Akageuka kwa watu, sauti yake haikupanda. "Sasa mimi niko nauliza. Munungwe akikuya ku matanga akalia, nani anazika?"

Kicheko kilikatika kama kamba. Bibi mmoja wa chui, mzee sana, akaanza kutikisika mabega. "Mukuka," akasema, "alikushika."

"Lakini ni muchezo," Mukuka akasema.

"Weye njo ulisema marehemu," Christiane akamjibu. "Mimi sikusema. Mimi nilisema majivu. Munalia, munazika. Ama munakataa?"

Kukataa si jambo dogo. Munungwe aliyelia akakataa kuzika, siku yake yeye ikifika, mbuzi nao watakunja mikono. Mukuka alijua. Alinitazama mimi, kana kwamba manseba wa mbuzi angemwonea huruma chui. Nikamwambia, "Majembe iko wapi, munungwe? Marehemu ananuka."

Wakazika. Hata Ruphin wa makala aliitwa, Christiane alimwambia moshi wake ndio uliomuua mtoto, aje na jembe, naye akaja na aibu yake. Walikata vipande vya udongo wenye nyasi kule demboni, kama vile mchoma makala anavyofunika tanuru, wakavibeba vichwani, wakavipanga juu ya matawi mabichi, mstari kwa mstari. Wakaimba nyimbo za kuzikia, zile za matusi, zote zikimtaja Christiane na malori yake. Alasiri shamba lilikuwa limefunikwa kama kaburi la jitu.

Lakini Mukuka si mtu wa kushindwa na kwenda kulala. Alipotupa kipande cha mwisho alipangusa jasho, akamwonyesha Christiane mkeka.

"Tumezika. Sasa mwenye kufiwa akae. Matanga iko matanga. Mwenye kufiwa hatoki ku mkeka mpaka matanga ivunjwe, na matanga itavunjwa siku ya moto ya mfumu. Ukisimama ukatembea, matanga yako ni ya uongo, na sisi tunafukua marehemu."

Watu wakaguna. Mfumu, aliyekuwa amesimama nyuma muda wote, akasema tu, "Njo vile."

Christiane akakaa.

Nisikilize hapa. Nimemwona mtu huyu tangu anatambaa. Sijawahi kumwona amekaa mpaka chai ikapoa. Alikaa kwenye mkeka ule kando ya majivu, miguu ameinyoosha mbele kama mjane, akiamka tu kwa haja zile ambazo hata mjane anaruhusiwa. Siku ya kwanza alichimba udongo kwa vidole. Siku ya pili alihesabu ndege. Lori lililia chini ya mlima, shingo yake ikageuka, ikarudi. Usiku alilala pale pale na nilimsikia akiongea na bibi yake, anamwambia aharakishe mawingu. Jasho lilimtoka akiwa amekaa kuliko alipokuwa anabeba. Mukuka alikuja kila asubuhi kukagua.

"Uko, Mama Syntiche?"

"Niko."

"Bado uko?"

"Kaa na weye, uone kama nitatoka."

Na Mukuka akakaa. Sijui kwa nini, labda kumchunga, labda mguu ulimuuma. Walikaa wakitukanana kwa adabu mpaka jua lizame.

Kisha ikaja alasiri ya upepo mkubwa kuliko wote. Ulianzia kule juu kwenye nyasi, tukauona kabla ya kuusikia, vumbi limesimama kama ukuta. Ulipofika shambani ulipata ufa mmoja upande wa juu, ukaingiza mkono, ukanyanyua kipande kimoja, kingine, kingine. Majivu yakaruka juu kama unga. Christiane akainuka nusu. Magoti yaliinuka, mikono ikashika mkeka. Niliona kila kitu usoni mwake: akisimama, anaweza kuvikanyaga vile vipande virudi chini, akisimama, matanga ni ya uongo. Alibaki pale, si chini si juu, halafu akashusha makalio kwenye mkeka na kuita kwa sauti niliyodhani itapasua jiwe.

"Bena Ngo. Marehemu wenu anafufuka. Kuyeni muzike."

Mukuka alikuwa nyumbani kwake anakula. Alikuja na tonge mkononi. Wakaja wote, wakatupa miili yao juu ya vile vipande, wakavilalia mpaka upepo ukachoka. Na yeye amekaa, machozi yanashuka, hakusogea hata shibiri.

Naandika haya hapa kwangu Makomeno, naye Christiane ameshuka kuniletea maharagwe ya mavuno ya mwaka huu. Yuko mlangoni anayachambua, na mimi namsomea kwa sauti kubwa ili asiseme kesho nilimsengenya. Mpaka hapa hajanyanyua kichwa, kwa hiyo ni kweli tupu.

Mfumu aliwasha. Safari hii moshi ulikuwa mweusi na wa hasira, na Mukuka mwenyewe ndiye aliyemshika Christiane mkono na kumwinua, na miguu yake ilikuwa imelala mpaka ikabidi abebwe. Tulivunja matanga kwa pombe ya ulezi wa mtu mwingine. Jioni ile ile mvua ikashuka. Tukafunua kaburi, na nakuapia, majivu yalikuwa pale pale yote, meupe, mazito, hayakupungua hata kijiko, upepo wote ule ulikuwa umebeba vumbi la nje tu. Ulezi ukatupwa, ukaota, ukasimama mrefu kuliko mimi na kofia yangu. Siku ya kuvuna mfumu alikuja na wazee wake, akavua lile koti lake, ndiyo, alilivua, akalitandika chini nikae mimi, akapanda juu ya kichuguu mbele ya Bena Ngo wote, akanyoosha mkono kuanzia kwenye mto, akaupitisha msituni, akaufikisha mpaka ukingoni kule maji yanapojitupa, akasema ardhi yote hii, na miti yake, na nyuki zake, na dembo zake mbili, kuanzia leo ni ya Christiane Kunda na ya Bena Mbushi, kwa sababu ya manseba wao, mtu ambaye Kundelungu yote haijapata kuona mwenye hekima kama

"Manseba."

"Nini? Nasoma."

"Nusu ya majivu ilienda na upepo. Mfumu alionyesha tu fasi ile ingine nusu ilibakia, kidole moja, koti iko ku mwili. Alisema, 'Hapa njo pako, sababu ulikaa.' Futa ile yote. Andika nusu."